Kuifikia klachi ya gari la zamani nyumbani: kushusha giaboksi chini, kuitolea ndani, au kuing'oa na injini?

Klachi yenyewe ni kazi ya nusu saa. Unafungua bolti sita za presha pleti, ile sahani yenye springi inayoibana klachi pleti, pleti kuukuu inakuangukia mkononi, unaweka mpya. Kinachokula wikiendi nzima ni safari ya kuzifikia hizo bolti sita, maana giaboksi imekaa mbele yake kama mlinzi mlangoni. Gari la zamani hukupa njia tatu za kumwondoa mlinzi huyo: kumshusha chini, kumtolea ndani kupitia sakafu, au kumng'oa kwa juu pamoja na injini.

Njia zote tatu nimezipitia, mbili kwenye magari yangu na moja kwa mwenzangu mwenye MGB. Nilipokosea mara ya kwanza ilikuwa kwenye kuchagua. Nilijiuliza giaboksi itatokaje. Kutoka si tatizo, kwa sababu uzito wake wenyewe unakusaidia. Swali la kujiuliza ni itarudije: nani ataishika, kwa mkao gani, wakati shafti yake ikitafuta tundu la klachi pleti ambalo wewe hulioni. Njia zote nitazipima kwa dakika hiyo.

Kabla ya kuchagua, gari limeshakuchagulia

Usianze kununua jeki. Tafuta kwanza kitabu cha matengenezo cha gari lako, kwa sababu magari mengine hayana mjadala.

MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, hairuhusu giaboksi kushuka peke yake kwa chini. Ama injini inatoka peke yake, ama vinatoka vyote viwili pamoja. Volkswagen Beetle nayo giaboksi unaiacha tu mahali pake. Injini ndiyo inayoshuka, imeshikwa na giaboksi kwa bolti nne, na klachi inabaki inakutazama. Kwenye Porsche 911 injini na giaboksi kwa kawaida hushushwa pamoja kwa nyuma. Peugeot 504 ina propela shafti (ile inayopeleka nguvu tairi za nyuma) iliyofungwa ndani ya bomba la chuma linaloanzia giaboksi hadi kwenye difu, kwa hiyo kabla giaboksi haijasogea hata kidogo una kazi nyingine ya kulirudisha bomba hilo nyuma.

Wapo pia wenye bahati. Saab 99 injini yake imegeuzwa, klachi iko mbele nyuma ya radieta, na hubadilishwa bila kugusa injini wala giaboksi. Mini ya zamani klachi iko ubavuni mwa injini chini ya mfuniko, nayo hufikiwa injini ikiwa ndani ya gari, ila unahitaji pula ya kung'olea flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Ukiwa na Mini, kumbuka kuzungusha krankshafti (shafti kuu ya injini) hadi mkato ulio mwishoni mwake ulale mlalo kabla hujavuta. Usipofanya hivyo, ile washa yenye umbo la C inaweza kudondoka ndani, na hapo jioni yako imeharibika.

Waliobaki, yaani wenye magari ya injini mbele na tairi za nyuma zinazosukuma, ndio wenye uchaguzi wa kweli. Yaliyobaki ninayaandika kwa ajili yao.

Kushushia chini

Hii ndiyo njia ya wengi, na kwa Ford Escort za kwanza, Datsun ndogo na Volvo Amazon ndiyo njia ya kawaida. Unapandisha gari kwenye stendi nne, unamwaga oili ya giaboksi, unafungua propela shafti, kebo ya spidomita, stata, kebo au silinda ya klachi, mkono wa gia kutoka ndani, mauntingi ya nyuma, kisha bolti za belihauzi, ule mdomo mpana wa giaboksi unaokumbatia flaiwili.

Uzuri wake ni kwamba hugusi vitu vingi. Radieta inabaki na maji yake, kabureta haiguswi, boneti haifunguliwi bawaba. Kwa giaboksi nyepesi ya alumini na mtu mwenye jeki nzuri, asubuhi moja inatosha kuitoa.

Ubaya wake unaanza na kimo. Pima kimo cha belihauzi, jumlisha kimo cha jeki ya magurudumu ikiwa imeshushwa kabisa, kisha angalia kama jumla hiyo inapita chini ya sili ya gari, yaani ukingo ulio chini ya mlango. Nimemwona mtu amekwisha kuifungua giaboksi yote, imelala juu ya jeki, halafu haitoki chini ya gari. Akalazimika kuipandisha tena, kuchomoa jeki, kuilaza juu ya kipande cha zulia na kuiburuta.

Kuna bolti mbili za juu pia. Karibu kila gari la aina hii zimejificha kati ya belihauzi na ukuta wa injini. Siri yake ni kuishusha nyuma ya giaboksi sentimita chache baada ya kufungua mauntingi, injini ilale nyuma, kisha kuingiza ekstensheni ndefu juu ya giaboksi kutokea mkiani. Kabla ya kuishusha hivyo, pita mbele uangalie distribyuta isigonge ukuta, mpira wa radieta usivutwe, na waya wa mafuta wa kabureta usikunjike. Chini ya sampu, lile beseni la oili ya injini, weka jeki na kipande cha mbao, kwa sababu giaboksi ikiondoka injini inabaki imeshikwa mbele tu.

Kwa giaboksi nzito mimi siipendi njia hii. Ile Toploader ya gia nne ya Ford ya Marekani, yenye mwili wa chuma cha kutupwa, inazidi kilo 40. Ukisikia mtu anajisifu kwamba aliipandisha kwa kuilaza kifuani na kusukuma kwa mikono, ujue anakusimulia siku aliyonusurika. Kwa uzito huo tafuta au azima jeki ya giaboksi yenye sahani inayoinama pande zote na mnyororo wa kufungia. Jeki ya kawaida ina sahani ndogo ya duara, na giaboksi juu yake hukaa kama mtungi juu ya kidole.

Stendi ziwe za chuma, kwenye sakafu ngumu, na ukishapandisha gari lisukume kwa nguvu kabla hujaingia chini. Matofali hapana, kwa sababu hupasuka bila kutoa taarifa.

Kutolea ndani

Magari machache yametengenezwa kwa ajili hii. Triumph Spitfire, GT6 na zile TR zina tuta la katikati ya viti linalofunguliwa kwa skrubu. Unatoa viti, zulia, koni ya gia, unanyanyua tuta, na giaboksi yote iko wazi kama sufuria iliyofunuliwa. Land Rover Series nayo sakafu na sanduku la viti hufunguliwa bolti, na giaboksi hutokea mlangoni.

Spitfire ndiyo gari langu, kwa hiyo upendeleo wangu uko wazi. Unafanya kazi umekaa, mwanga unatoka juu, bolti za juu zinazowatesa wenzako wa chini ziko mbele ya pua yako. Propela shafti unaifungua kutokea juu. Gari linabaki chini karibu muda wote, na unalipandisha kwenye stendi kwa zile bolti za chini tu.

Ila kuna gharama. Ndani ya gari panageuka karakana. Oili ikimwagika inaingia kwenye sponji za viti ambazo hukuzitoa kwa uvivu. Skrubu za tuta zimeota kutu na nusu yake zitavunjika. Na mkao wa kunyanyua ni mbaya kuliko unavyoonekana. Umeinama, miguu iko mbalimbali, giaboksi iko chini ya magoti yako, na unatakiwa kuivuta nyuma kabla ya kuipandisha. Giaboksi ya Spitfire mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuinyanyua, ingawa mgongo utamkumbusha kesho yake. Mimi sasa nalaza mbao nene juu ya sili mbili, naifunga giaboksi kwa mkanda wa racheti kwenye mbao, na mkanda ndio unaobeba. Mikono yangu inaongoza tu.

Kwa Land Rover usithubutu bila kreni. Giaboksi yake na transfa boksi vikiwa pamoja vinapita kilo 100. Habari njema ni kwamba huhitaji kuitoa nje. Ukiishika kwa kreni kupitia mlango na kuirudisha nyuma kiasi cha kupenyeza mikono na soketi, klachi inabadilika huku giaboksi ikining'inia ndani.

Kung'oa na injini kwa juu

Wengi huikimbia njia hii kwa sababu inaonekana kubwa. Kweli ni kubwa: radieta inatoka, kabureta na egzosi zinafunguliwa, waya zote zinahitaji lebo, boneti inatolewa (piga mstari wa kalamu kuzunguka bawaba zake kabla hujazifungua, utanishukuru), na kreni ya injini lazima iwepo, pamoja na dari ya kutosha na mtu wa pili. Injini na giaboksi hutoka zimeinama karibu nyuzi 45, mkia wa giaboksi chini, na oili uliyodhani umeimwaga yote inatoka mkiani. Funga mkia kwa mfuko wa plastiki na mpira, au chomeka yoki kuukuu, ile ncha ya propela shafti inayoingia kwenye giaboksi.

Lakini kumbuka kipimo chetu. Kwa njia hii injini na giaboksi vinaunganishwa sakafuni, umesimama, unaona pande zote. Hakuna kulala chali wala kupapasa. Kwenye ile MGB tuliunganisha kwa dakika kumi, na mwenzangu akauliza kama ndiyo imeisha. Sehemu ngumu ikawa kuvipenyeza vyote viwili kurudi ndani bila kukwaruza rangi, na hapo ndipo mtu wa pili anapohitajika: mmoja kwenye kreni, mwingine anaelekeza mkia.

Ninaichagua njia hii, hata kwenye gari ambalo giaboksi yake inashuka kwa chini, kama injini inavuja oili kwa nyuma, mauntingi zimechoka, au chumba cha injini kinahitaji kusafishwa na kupakwa rangi. Kama injini ni nzima na hujapanga kuigusa, unajitafutia kazi ya siku tatu zaidi.

Dakika yenyewe

Mara ya kwanza nilikuwa chini ya Escort, giaboksi juu ya jeki, imeingia yote isipokuwa milimita sita. Nilitikisa, nilisukuma kwa miguu, haikusogea. Nikaona nitumie akili: nikaweka bolti mbili za belihauzi na kuzikaza kidogo kidogo ili zivute. Zikavuta. Kisha nikasikia mlio mdogo mkavu, kama kijiti kinavunjika, na sikio moja la belihauzi likaning'inia. Alumini haikupi nafasi ya pili. Nilipofungua tena nikakuta klachi pleti haikuwa katikati. Ilikuwa imetoka kando kwa upana wa ukucha.

Tangu siku ile nafanya mambo matatu. Klachi pleti naiweka katikati kwa shafti ya kuongozea yenye meno sahihi, au shafti ya giaboksi mbovu nikiipata, sio kwa jicho. Natengeneza bolti mbili za kuongoza: bolti ndefu zenye uzi uleule, nazikata vichwa kwa msumeno, nazichonga mfereji kwenye ncha ili zitoke kwa bisibisi. Zikishafungwa kwenye injini, giaboksi inateleza juu yake na uzito wake haulali kwenye klachi pleti. Jambo la tatu, naingiza gia ya nne na kuzungusha flenji ya nyuma polepole huku nikisukuma, hadi meno yakutane. Giaboksi ikikubali, inaingia yenyewe mpaka mwisho kwa mkono. Isipoingia kwa mkono, kuna kitu hakiko sawa, toa uangalie.

Na usiiache ikining'inia kwa shafti yake, hata kwa dakika moja ya kutafuta bolti iliyobingirika. Uzito huo unapinda kitovu cha klachi pleti, na klachi mpya itagoma kuachia, gia zikwangue, nawe utamlaumu muuzaji.

Katika kipimo hiki, njia ya juu ndiyo bora, ya ndani inafuata kwa karibu, ya chini ni ya mwisho. Njia ya chini ikiwa na jeki ya giaboksi na bolti za kuongoza inapanda hadi kuwa sawa na ya ndani. Bila hivyo vitu viwili, kwa mtu anayefanya mara ya kwanza peke yake, ningemshauri asubiri apate msaidizi.

Ukishafika, ni klachi ipi?

Umevuja jasho kiasi hicho, hutaki kurudi hapo mapema. Badilisha pleti, presha pleti, beringi ya kuachilia na bushi ya nyuma ya krankshafti kwa pamoja. Bushi hiyo ndogo inayoshika ncha ya shafti hutoka kwa urahisi: jaza grisi tunduni, chomeka chuma cha duara kinachobana vizuri, gonga kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi kutokea nyuma. Kama mpya ni ya shaba ya vinyweleo, ilaze usiku kucha ndani ya oili ya injini kabla ya kuifunga.

Kuhusu nguvu, hesabu yake ni fupi. Uwezo wa klachi ni nyuso mbili za pleti, mara msuguano, mara nguvu ya kubana, mara wastani wa nusu kipenyo. Tuchukue msuguano wa 0.3, nguvu ya kubana ya nyutoni 4,000 na nusu kipenyo cha milimita 85: unapata takriban Nm 204 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Sasa una milango mitatu ya kuongeza.

Presha pleti ngumu zaidi kwa asilimia 20 inakupeleka karibu Nm 245. Malipo yake unayatoa kwa mguu wa kushoto kila taa nyekundu. Zaidi ya mguu, kila unapokanyaga, nguvu hiyo inasukuma krankshafti mbele, na washa za kuizuia ndizo zinazopokea. Kwenye Triumph hilo si jambo la nadharia, maana washa zake zikilika huweza kudondokea kwenye sampu. Kabla ya kufunga presha pleti ngumu, weka geji ya saa kwenye krankshafti, isukume mbele na nyuma, na ulinganishe na kipimo cha kitabu.

Pleti ya msuguano mkali, zile zenye vipande vya shaba au seramiki, ukichukulia 0.4, inafika Nm 272. Ni tarakimu nzuri kwenye karatasi. Barabarani gari linaruka kila unapoondoka, kwenye foleni linatetemeka, na difu ya miaka ya sitini inapokea kila pigo. Kwa gari la mashindano, sawa. Kwa gari la kutembelea, hapana.

Mlango wa tatu, ambao mimi napita, ni klachi kubwa zaidi ya toleo la baadaye la gari lilelile, ikiwa na pleti ya kawaida. Nusu kipenyo kikipanda kutoka milimita 85 hadi 95, bila kuongeza nguvu ya kubana, unapata Nm 228, na mguu hauoni tofauti. Beetle walipita njia hii kiwandani, kutoka milimita 180 hadi 200. Land Rover Series walitoka inchi 9 hadi 9.5, na wenye zile za awali wengi hufuata nyayo hizo. Kagua tu kama flaiwili yako ina matundu ya kipenyo kipya. Isipokuwa nayo, unahitaji flaiwili ya toleo hilo pia.

Kama gari lako bado lina presha pleti ya springi nyingi za kujiviringa, kuhamia ya daiframu, yenye springi moja ya sahani, peke yake ni maboresho. Pedeli inalainika, na pleti inavyolika nguvu ya kubana haishuki haraka kama kwenye springi.

Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu au nyufa ndogo, ipeleke ikachongwe kabla ya kufunga chochote. Na lile vumbi jeusi ndani ya belihauzi usilipulize kwa hewa. Klachi za zamani zilikuwa na asbesto, na gari likiwa na vipuri vya miaka mingi huwezi kujua kwa kuangalia. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa, na barakoa iwe usoni tangu mwanzo.

Baada ya kufunga, toa hewa kwenye mfumo au rekebisha kebo upya, kwa sababu pleti mpya ni nene na ile nafasi uliyoizoea kwenye pedeli imebadilika. Jaza oili ya giaboksi ambayo kitabu kinataja. MGB, kwa mfano, inataka oili ya injini kwenye giaboksi, na wengi hushangaa. Halafu kwa kilomita 800 za mwanzo ondoka polepole, bila kuchoma klachi milimani. Mimi Escort niliichoma siku ya tatu, nikiwa na haraka ya kumwonyesha mtu kwamba haitelezi tena.